Kipanga wa Nyumba Kumi

Kutoka Newala hadi Temeke tulitumia siku kumi na moja, na nyingi kati ya hizo hatukusafiri. Tulikaa ukingoni mwa Mto Rufiji tukisubiri maji yapungue ili pantoni ianze tena kuvusha magari. Lori letu lilibeba korosho, na sisi abiria tulibebwa na korosho, maana tulilala, tulikula na tulitapika juu ya magunia yale yale. Mbuzi wa abiria mmoja alizaa pale mtoni, na siku tulipovuka mwanawe alikuwa tayari anaruka kutoka gunia hadi gunia. Mimi nilikuwa na miaka tisa hivi. Mama alinikabidhi kwa utingo wa lori pamoja na kifurushi cha makopa ya muhogo na maneno machache: "Mpelekee kaka yangu mwanawe." Sikushangaa kuitwa mwana wa mtu nisiyewahi kumwona. Kwetu mtoto ni wa mjomba wake. Baba hulea tu.

Mjomba Ntandi alinipokea penye kituo cha malori, mikono yake myeusi hadi kwenye viwiko kwa vumbi la mpingo. Alikuwa mchongaji. Alinishika kichwa, akakigeuza huku na huku kama anayekagua gogo, akasema, "Kichwa cha dada kabisa," tukaondoka. Alikuwa amepanga chumba katika nyumba ya Bi Tatu, mama wa Kizaramo aliyezaliwa hapo hapo Temeke wakati, kwa maneno yake, fisi walikuwa wakija hadi mlangoni kuomba maji. Nilipoingia uani kwake niliona jambo lililonifanya nisahau njaa. Nyuma ya kuku mmoja wa kawaida walifuatana vifaranga wa kijani, wa zambarau na wekundu.

Niliamini kwamba mjini hata kuku huzaa watoto wa rangi. Nilimwuliza mjomba kama na binadamu wa hapa huzaliwa hivyo. Bi Tatu alisikia, akacheka mpaka akaweka chini miyaa aliyokuwa akisuka.

"Nawapaka mie, mjukuu wangu," alisema. "Mwewe anamjua kifaranga kwa rangi yake. Akimwona wa zambarau anajiuliza, hiki nacho ni chakula kweli? Mpaka amalize kujiuliza, mwanangu kaingia bandani."

Bi Tatu alikuwa msusi wa mikeka. Alichemsha miyaa katika sufuria za rangi, na rangi iliyobaki ikipoa, aliwatumbukiza vifaranga mmoja mmoja, akawaanika juani kwenye ungo. Harufu ya ile rangi ikichemka, harufu ya majani mabichi na chuma cha moto, ndiyo iliyonirudisha huko juzi. Nimepanga chumba Kahama kwa sasa, baada ya kupanga Tanga, Moshi, Musoma na sehemu nyingine nisizozikumbuka kwa mpangilio, na jirani yangu mpya anasuka vikapu. Nilipita dirishani kwake, ile harufu ikanipata puani, nikalazimika kusimama. Watu wa rika langu watanielewa. Ukifika umri huu, pua inakumbuka kuliko kichwa.

Watoto wa mtaa ule hawakunipokea vizuri. Kusini tunasifika kwa kula panya wa porini, na wao walihakikisha sisahau.

"We mla panya, kwenu mnawachoma au mnawachemsha?"

"Tunawachoma. Kwani wewe unapenda wa kuchemsha?"

Jibu hilo lilinipa heshima ya siku moja tu. Kesho yake jina likarudi, na mimi nikawa nashinda kibandani kwa mjomba, nikipiga msasa vinyago vyake.

Baada ya mwaka hivi mjomba alinichukua kwenda naye kutafuta mpingo, mbele ya vilima vya Pugu. Alichagua mti, akaupiga shoka tangu asubuhi, na ulipoanguka uligonga mti wa jirani, tawi likavunjika na kiota kikaja chini pamoja nalo. Ndani yake kulikuwa na makinda wawili wa kipanga. Mmoja alikuwa amekufa. Mwingine alikaa kitako kwenye majani, mdomo wazi, manyoya yake meupe yametimka, akinitazama kama vile mimi ndiye niliyechelewa.

Mjomba aliweka shoka lake chini. Kisha akasema, "Tumewavunjia watu nyumba." Akavua kofia yake, akamweka yule kinda ndani, akanipa nishike. Kofia ilikuwa na jasho la mjomba, na ndani ya lile jasho kulikuwa na moyo mdogo uliokuwa ukienda mbio sana.

Kipanga halishwi ugali. Alitaka nyama, na nyama wakati ule hata binadamu walikuwa wakiipangia foleni. Kilichokuwepo kwa wingi ni panya wa majumbani. Nilitega mitego ya makopo, na habari zilipoenea, wale wale walioniita mla panya wakaanza kuniletea panya wenyewe, wamewaning'iniza kwa mikia, wakiomba waruhusiwe kumwona anavyokula. Sikuwakumbusha kitu. Niliwaambia wapange mstari.

Aliyenifundisha kumfuga alikuwa muuza kahawa mmoja, Mshihiri aliyeitwa Baamir, aliyekuwa akipita mtaani kila alasiri akigonganisha vikombe vyake. Alimwona ndege, akaketi, akatuambia kwamba kwao Arabuni babu yake alikuwa na vipanga saba, na kila mmoja alikuwa na mtumishi wake. Baadaye nilikuja kujua kuwa Baamir alizaliwa Ilala na Arabuni hakuwahi kufika, wala kipanga hakuwahi kumshika. Lakini alichosimuliwa alikishika vizuri. Alisema nimbebe mkononi kila siku mpaka asinzie huko huko mkononi. Alisema nisimpige hata akininyofoa, kwa kuwa ndege hajui adhabu, anajua uadui tu. Alisema nisimshibishe, maana aliyeshiba hamhitaji mtu.

"Na ukimwita," alisema, "mwite kwa kitu kimoja, rangi moja. Leo, kesho, daima. Ukibadilisha umemdanganya, na huyu akidanganywa mara moja basi, umempoteza."

Nilikwenda kwa Bi Tatu kuomba kitu cha rangi. Alinikatia kipande cha ukili mwekundu, urefu wa mkono wangu, kutoka kwenye mkeka aliokuwa akiusuka. Nilifunga nyama kwenye ncha yake. Mjomba alinishonea glavu ya turubali, ndani ameweka mpira wa gurudumu la baiskeli, na akachonga kijiti cha mpingo cha ndege kusimamia, laini kiasi kwamba Bi Tatu alisema hata yeye angelala juu yake.

Ilichukua miezi. Kwanza alikuja kutoka hatua moja, kisha kutoka upande wa pili wa ua, akiwa amefungwa uzi mguuni. Siku niliyomfungua uzi sikumwambia mtu. Nilikwenda kwenye uwanja wa mpira, nikamwacha juu ya mlingoti wa goli, nikatembea hadi goli la pili bila kugeuka nyuma. Nikauzungusha ule ukili. Alijiachia, akashuka karibu aguse majani, akaja chini chini moja kwa moja, na mwishoni kabisa akainuka na kutua kwenye ngumi yangu. Nimefanya kazi nyingi na nimependwa na watu wachache, na bado sijui neno la kusema nilivyojisikia mkono wangu ulipopokea ule uzito.

Nyuma ya nyumba zetu, kuelekea Yombo, kulikuwa na bonde, na katika bonde nyumba zetu kumi zililima mpunga kwa pamoja, kama tulivyohimizwa wote siku zile. Mpunga ulipoanza kutoa punje, ndege wadogo walishuka kama wingu, na watoto tulipangwa zamu za kuamia. Tulipiga makopo, tukarusha mawe kwa teo, tukapaza sauti mpaka zikakauka. Nilipokuja na kipanga wangu, alizunguka mara mbili tu juu ya bonde. Ndege wote waliondoka. Hakukamata hata mmoja. Kivuli chake kilitosha. Kuanzia siku hiyo kazi yangu ilikuwa kumrusha asubuhi na jioni, na wenzangu wakakaa kivulini wakicheza bao. Hakuna aliyeniita tena mla panya. Waliniita Bwana Kipanga.

Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Shomari, alikuwa karani mstaafu wa bandarini, mtu asiyependa jambo lolote likae bila utaratibu. Aliitisha mkutano barazani kwake.

"Ndugu wananchi," alisema, "huyu ndege ni wa nani?"

"Si wa yule mtoto wa fundi?"

"Na panya anaowala ni wa nani?"

Watu wakaangua kicheko. Mama Anyesi, jirani yetu mkabala, mke wa mpiga pasi, akasema, "Ni wetu sote, balozi. Kwangu peke yangu wapo wa kulisha tai na wanawe."

"Vizuri. Anakula cha wote, analinda cha wote. Kwa hiyo haifai awe mali ya mtu mmoja. Kuanzia leo huyu ni kipanga wa nyumba kumi, na kila nyumba itatoa panya kwa zamu. Kijana atabaki kuwa mtunzaji."

Nililia njia nzima hadi nyumbani. Nilidhani watamhamishia kwa balozi. Mjomba alinifuta uso kwa kiganja chake cha vumbi, akaniacha na weusi mashavuni. "Hawakukunyang'anya," alisema. "Wanataka kujisifu naye na wao. Waache wajisifu."

Sasa nieleze lile lililoharibu yote, na lilianza kwa jambo dogo sana. Rangi zilipotea madukani. Sabuni ilipotea, mafuta yalipotea, na rangi za mikeka zikapotea pia. Kwa Mhindi ilibaki nyekundu tu. Bi Tatu akasuka mikeka myekundu mitupu. Na msimu huo huo binti yake, Zuhura, aliyeolewa Kimbiji, alikuwa anakuja kujifungua mimba ya kwanza kwa mama yake kama ilivyo desturi. Mzazi anywe mchuzi wa kuku siku arobaini; hilo Bi Tatu alilisema kama sheria ya nchi. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa ameatamisha kuku wake wawili kwa ajili hiyo. Vifaranga walipoanguliwa akawatumbukiza wote katika ile rangi iliyokuwepo, na kila rangi ilipopauka akawarudishia. Walipita uani nyuma ya mama zao kama shanga zilizokatika uzi, wekundu wote.

Wakaanza kupungua. Kwanza mmoja, tukasema mwewe. Kisha wawili kwa siku moja. Bi Tatu akawapaka tena, rangi nzito zaidi, wakawa wekundu wa kuumiza macho. Wakazidi kupungua. Jambo la ajabu lilikuwa hili: Mama Anyesi alikuwa na vifaranga wa rika moja na wale, hajawahi kuwapaka kitu chochote kwa sababu aliona ni upuuzi, na hakuna hata mmoja wake aliyepotea. Aliyekuwa anachukua alichagua wekundu tu.

Mtu wa pwani hahitaji kuambiwa kuku mwekundu anaombwa na nani. Mganga akitaka kumtuliza shetani, humtaka mgonjwa alete kitambaa chekundu na kuku mwekundu. Na mashetani gani waliokuwa jirani? Walikuwa kibandani kwa mjomba, wamejipanga ukutani. Mjomba alikuwa akichonga vinyago vya mashetani kwa ajili ya duka la watalii mjini, wenye masikio marefu, jicho moja, mdomo umepanda hadi paji la uso. Miaka yote watu walikuwa wakitaniana navyo: huyu kafanana na shemeji yako, yule kafanana na mwenye nyumba wangu. Sasa utani ukakoma. Niliona wanawake wakivuka upande wa pili wa njia wakifika kwenye kibanda. Watoto waliokuja kumwona ndege waliishia mlangoni, wakaning'iniza panya kwenye msumari na kuondoka.

Zuhura alijifungua mtoto wa kiume. Mjomba alioga, akavaa shati lake la Idi, akachukua kijiko cha mpingo alichokuwa amekichonga kwa ajili ya mzazi, tukaenda kutoa pongezi. Ni hatua kumi kutoka mlango wetu hadi wao. Bi Tatu alifungua nusu.

"Mtoto amelala, fundi," alisema.

Mtoto alikuwa analia ndani, tena kwa nguvu. Tulisimama pale wote watatu tukimsikia. Mjomba akasema, "Basi alale, Bi mkubwa. Tutakuja siku nyingine." Kijiko akanipa nishike tukirudi.

Siku mbili baadaye nilikuwa natoka bondeni. Kipanga alikuwa amezoea kunitangulia nyumbani na kunisubiri juu ya paa la kibanda, nami sikuona ubaya. Nilipokunja kona ya nyumba nilimwona angani juu ya ua, hapigi mbawa, ametulia. Kisha akashuka. Alishuka kama alivyokuwa akinishukia mimi, chini chini, moja kwa moja, na alipoinuka mwishoni alikuwa na kifaranga mwekundu kwenye kucha. Alikwenda naye nyuma ya choo. Nilipomfikia alikuwa bado hajamla. Alikuwa amemfunika kwa mbawa, akanitazama, na niliujua ule mtazamo kwa kuwa ni mimi niliyeufundisha. Alikuwa anangoja nimsifu.

Nilielewa pale pale. Tangu akiwa na manyoya meupe nilikuwa nikimwambia, kila siku, mara mia, kwamba kitu chekundu kinachotembea ni wito wangu na ndani yake mna nyama. Ule ukili na wale vifaranga walitoka sufuria moja. Yeye hakuiba. Aliitikia.

Nilimfukia kifaranga nyuma ya choo na nikanyamaza siku nne. Nilijua nikisema watamuua. Nilijua pia, na hili naona aibu kuliandika hata leo, kwamba nitarudi kuwa mla panya. Nilijiambia kwamba maneno ya watu huchoka. Nilimfunga ndege mguu, na siku hizo nne hakuna kifaranga aliyepotea, lakini hakuna mtu aliyeona hilo ila mimi.

Siku ya nne Bi Tatu alikuja kibandani kwetu. Hakuingia. Alijifunga kanga vizuri, akasimama nje, akazungumza akitazama chini.

"Fundi, wewe ni mtu wangu. Miaka saba ndani ya nyumba yangu hujanikosea hata neno. Lakini nina mzazi ndani, na mtoto mchanga, na watu wanasema. Mie sisemi. Watu wanasema. Nakuomba, ukipata chumba kwingine, usinielewe vibaya."

Mjomba aliweka patasi chini. "Nimekusikia, Bi mkubwa."

"Sina haraka nawe."

"Nimekusikia."

Nilingoja akatae, akasirike, aseme vile ni vipande vya mti tu, yeye mwenyewe anavikalia akila. Badala yake alichukua vitambaa, akaanza kuvifunika vile vinyago kimoja kimoja, kama mtu anayefunika watoto wanaolala. Nilitoka mbio hadi kwa balozi.

Mzee Shomari alinisikiliza hadi mwisho, wazee wengine wawili wakiwa naye kwenye baraza. Mmoja akasema, "Mtoto anamkinga mjomba wake. Damu hiyo." Balozi hakuwa mtu wa kubishana na maneno. Alisema kila kitu kina kipimo chake, na jioni ile ile watu wa nyumba kumi wote waliitwa uwanjani.

Waliletwa vifaranga wawili, mmoja wa Bi Tatu na mmoja wa Mama Anyesi, kila mmoja akafunikwa na tenga ambalo ukichungulia unaona ndani. Mimi nilipelekwa mwisho wa uwanja, nikamfungua kipanga mguu. Alipaa, akazunguka mara moja, akashuka juu ya tenga la kifaranga mwekundu. Balozi akaamuru matenga yabadilishwe nafasi. Alikwenda tena kwa mwekundu. Yakabadilishwa tena. Mara ya tatu alitua, akakunja mbawa, akageuza kichwa kunitafuta kati ya watu wote wale.

Wa kwanza kusema alikuwa Mama Anyesi. "Kumbe siku zote ulikuwa unamtengea mezani, Bi Tatu."

Wengine walicheka, kwa aibu. Nikaeleza habari ya ukili, nikaonyesha kile kipande. Bi Tatu alikichukua, akakitazama, akanirudishia. Kijana mmoja alikuwa tayari ameokota fimbo.

"Ngoja," alisema balozi. "Huyu ndege ni wa nani?"

Alitutazama mmoja mmoja.

"Tulikaa barazani kwangu tukasema ni wa nyumba kumi. Alipolinda mpunga alikuwa wetu. Leo amekula vifaranga, mnataka awe wa mtoto? Kosa ni la nyumba kumi. Kila nyumba itampelekea mzazi kuku mmoja. Yangu naanza mie. Ama kuhusu kumuua, aliyekosewa aseme."

Watu wakamgeukia Bi Tatu. Alisugua vidole vyake vilivyoingia rangi miaka nenda rudi. "Kaitwa, kaja," alisema mwishowe. "Mtamuua kwa kuitika?"

Ila hakuweza kukaa nasi tena, hilo hata mimi nilikubali. Baamir aliulizwa, na akasema kwa uhakika wake wa kawaida kwamba ndege hufundishika kusahau, sharti asiitwe na mtu yeyote. Ndipo lilipofanyika jambo ambalo nikiwasimulia watu huniona mwongo. Kwa siku kadhaa nyumba kumi zilificha wekundu. Kanga nyekundu zilianikwa ndani. Mikeka ya Bi Tatu iligeuzwa uso chini. Vifaranga waliobaki walioshwa kwa majivu mpaka wakawa na rangi ya matope. Mtoto wa Mama Anyesi alivuliwa kaptura yake katikati ya njia, akarudi kwao uchi akilia. Kipanga alizunguka juu yetu asubuhi na jioni, akakaa juu ya paa la kibanda, akitazama chini. Nilikatazwa kutoka nje asinione. Nilimtazama kupitia tundu la ukuta. Siku ya kwanza alilia. Siku ya tatu alikuja na panya wa porini aliyemkamata mwenyewe, akamla juu ya paa, mabaki yakadondoka mbele ya mlango wetu. Siku ya tano hakuja.

Kuku waliletwa, mmoja mmoja, wamefungwa miguu. Wa kwetu mjomba alimtuma kwa mkono wangu. Watu walianza tena kupita mbele ya kibanda na kumsalimia kwa sauti kubwa kuliko zamani. Bi Tatu alikuja, safari hii akaingia hadi ndani, akakaa kwenye gogo. Alisema yale aliyoyasema yasihesabike, chumba ni chake. Mjomba alimshukuru. Alimpa maji ya kunywa. Kisha akaendelea kufunga vinyago kwenye magunia.

Sikuelewa. Nilidhani ukweli ukishasemwa, kila kitu hurudi mahali pake, kama vyombo vinavyorudishwa kabatini baada ya kuoshwa. Nilimwambia mjomba kwamba si yeye, kila mtu anajua si yeye. "Wanajua leo," alisema. "Siku nyingine akiumwa mtu, watanitazama kwanza, halafu ndiyo watafikiri." Alikuwa ameandikiana na rafiki yake wa Tanga aliyekuwa na kibanda karibu na stesheni. Tungeondoka baada ya arobaini ya mtoto, ili tusionekane tumeondoka kwa hasira.

Asubuhi ya kuondoka lori lilisimama mbele ya nyumba. Magunia yalipakiwa. Majirani walikuwepo, balozi akiwa amevaa koti. Nilikuwa tayari nimekaa juu ya mizigo pale mlango wa Bi Tatu ulipofunguka, wote, si nusu, akatoka Zuhura, mara yake ya kwanza kuonekana nje, na mama yake nyuma yake amembeba mtoto. Bi Tatu alikuja moja kwa moja hadi kwa mjomba. Hakusema samahani. Alimnyooshea mtoto.

Mjomba alitazama mikono yake. Aliipangusa kwenye suruali, mbele na nyuma, akaitazama tena, bado ilikuwa myeusi. Akampokea hivyo hivyo. Yule mtoto, aliyekuwa amevikwa nguo nyeupe kabisa, alishika kidole chake na kukivuta mdomoni, na mama yake hakumzuia. Mtaa mzima ulikuwa unatazama, na ndiyo sababu alimletea pale, nje, mchana. Mjomba alisimama naye muda mrefu. Dereva alipiga honi, akapiga tena.

Pale juu ya magunia niliomba kwa moyo wangu wote aseme tushushe mizigo. Nilikuwa na hakika atasema. Mjomba aliinamisha kichwa hadi kwenye paji la yule mtoto, akamrudisha kwa mama yake kwa mikono yote miwili, akapanda mbele, akafunga mlango.